Swichi ya Ukutani Ikisumbua: Isikilize Kabla Hujaibadilisha

Mwezi wa saba, baridi ya Uyole ikiwa imekaza, mama mmoja jirani yangu aliniita usiku. "Fundi, njoo uone mwenyewe. Taa ya chumba cha watoto haitaki kulala." Nikaingia. Swichi ilikuwa imezimwa, lakini balbu ilikuwa inatoa mwanga hafifu, kama mbalamwezi inayopenya kwenye pazia. Alikuwa ameshabadilisha swichi mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Nikamwomba zile mbili alizozitoa, nikazipima kwa mita palepale mezani. Zilikuwa nzima. Na ile ya tatu iliyokuwa ukutani nayo ilikuwa nzima.

Kwa miaka ambayo nimefanya kazi ya umeme wa majumbani hapa Mbeya, na mara nyingine Iringa na Njombe, hilo ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote. Swichi inalaumiwa kwa sababu ndiyo inayoguswa. Nyuma yake kuna waya unaopanda darini, kuna maungio, kuna holda inayoshika balbu, kuna nyutro inayorudi kwenye breka, na ugonjwa unaweza kukaa popote katika safari hiyo. Lakini kila ugonjwa una dalili zake, na dalili hizo mtu yeyote mwenye nyumba anaweza kuzisoma hata kama hatashika bisibisi. Nitaeleza pia ni wapi unapotakiwa kuishia wewe na kumwita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, kwa sababu umeme wetu ni volti 230, na volti 230 zinaua.

Kilichomo ndani ya swichi

Ukipata swichi mbovu usiitupe. Ifungue mezani, haina umeme, haina hatari. Chini ya kile kibati cha plastiki unachobonyeza kuna kijiti kidogo chenye springi ndani yake. Kijiti kinakandamiza kipande cha shaba kilichokaa kama bembea ya watoto, upande mmoja ukipanda mwingine unashuka. Ukibonyeza taratibu kwa kidole utaona kijiti kinasogea, kinasogea, halafu kikishavuka katikati, springi inairusha bembea yote kwa mkupuo. Ta! Mwendo ule si wa kidole chako, ni wa springi. Hata mtoto akibonyeza kwa uvivu, shaba inaruka kwa kasi ileile.

Kasi hiyo ndiyo siri ya swichi. Mahali pa kugusana panapoachana huku umeme unapita, cheche inaruka katikati yake. Vipande hivyo vikiachana polepole, cheche inakaa, inaunguza, inaacha masizi. Vikiachana ghafla inakatika. Mwingereza aliyeitwa John Henry Holmes, wa Newcastle, ndiye aliyebuni swichi ya kukata kwa haraka namna hiyo mwaka 1884, na hizi tunazonunua Mwanjelwa leo bado zinafuata wazo hilo. Ukiangalia vizuri utaona kwenye ncha za shaba kuna vidoti vyeupe. Vile vina madini ya fedha, kwa sababu kutu ya fedha haizuii umeme kama inavyozuia kutu ya shaba.

Umeme wa TANESCO wenyewe unasaidia kuzima cheche. Unageuka huku na huku kwa hertz 50, maana yake mara 100 kwa kila sekunde unapita kwenye sifuri, na cheche ikifika kwenye sifuri inakosa nguvu. Umeme wa betri ya sola hauna sifuri hiyo, unakwenda upande mmoja tu muda wote. Kwa hiyo ndugu zangu wa vijijini Rungwe na Chunya wanaotumia sola: swichi ya kawaida ya ukutani itavumilia taa ndogo ya volti 12, lakini usiitumie kukata mzigo mkubwa wa betri. Itaungua ndani, na inaweza kugandamana ikakataa kuzima.

Kuna jambo moja naomba msomaji alishike kuliko yote. Swichi ya taa inakata waya mmoja tu. Taa ina nyaya mbili, wa moto unaoleta umeme na nyutro inayourudisha, na swichi inatakiwa ikae kwenye wa moto. Ikikaa kwenye nyutro, taa itawaka na kuzima kama kawaida, hutajua lolote, lakini holda itakuwa na moto saa 24.

Kabla ya kugusa

Zima meni swichi, si breka unayoibahatisha. Waambie watu wa nyumbani kwamba uko kwenye umeme, maana nimewahi kuona mtoto anakwenda kuwasha meni kwa sababu katuni imekatika.

Halafu pima. Testa ya bisibisi, ile yenye kitaa kidogo ndani, inategemea mwili wako na mahali uliposimama. Ukiwa juu ya stuli ya plastiki, au umevaa gambuti kavu, kitaa kinaweza kuwa dhaifu kiasi cha kutoonekana huku waya una moto kamili. Ndiyo maana testa inajaribiwa kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, kabla hujazima meni, halafu unapima waya wako, halafu, kabla hujashika waya, unaijaribu tena mahali pengine unapojua pana umeme. Testa iliyokufa na waya uliokufa vinafanana.

Na rangi za nyaya zisikudanganye. Nyumba zetu nyingi za zamani zina nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro, kijani kwa ethi, yaani waya unaokwenda ardhini. Nyumba mpya zina kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, na kijani chenye mistari ya njano kwa ethi. Lakini ndani ya boksi la swichi, ile nyeusi au bluu unayoiona mara nyingi si nyutro hata kidogo. Waya mmoja unaleta moto, wa pili unaupeleka kwenye taa swichi ikiwashwa, na fundi alitumia waya wa rangi mbili kwa sababu ndio aliokuwa nao. Swichi ikiwashwa, nyeusi ile ina volti 230 sawa na mwenzake mwekundu. Fundi makini huufunga utepe mwekundu kwenye ncha yake. Wengi hawafungi.

Taa haiwaki kabisa

Anza na yasiyohitaji bisibisi. Je, LUKU ina yuniti? Je, taa nyingine za upande huohuo wa nyumba zinawaka? Kama zote zimezimika, si swichi, nenda kwenye breka. Kama ni taa moja tu, hamisha balbu inayowaka kutoka chumba kingine uiweke hapo. Nusu ya safari zangu zingeishia hapo kama mwenye nyumba angefanya hivyo kabla ya kunipigia.

Balbu nzima ikikataa, isikilize swichi. Swichi nzima ina ule mlio mkavu wa "ta". Ikiwa kibati kinacheza kama jino lililolegea, au kinabonyea bila mlio, springi imekufa au kijiti kimetoka mahali pake, na hapo swichi kweli inabadilishwa.

Ikiwa mlio upo, mshukiwa anayefuata ni holda. Kwenye holda ya kuzungusha kuna ulimi wa shaba katikati, na mtu akikaza balbu kwa nguvu kila mara ule ulimi unalala, haugusi tena. Kwenye holda ya pini mbili, vijiti vya springi vinakwama chini kwa masizi. Ulimi unainuliwa kidogo kwa kitu chembamba, meni ikiwa imezimwa. Narudia, meni. Kuzima swichi pekee hakutoshi, na sababu utaiona tutakapofika kwa yule jirani yangu.

Kinachobaki baada ya hapo ni kazi ya fundi: kupima kama moto unaingia kwenye swichi na kama unatoka. Ukiingia usitoke, swichi imekufa. Ukiingia na ukatoka, swichi haina kosa, tatizo liko darini au kwenye nyutro. Kipimo hicho ni cha dakika moja, nacho ndicho kinachokuokoa kununua swichi tatu.

Taa inapepesa, swichi inatatarika

Ukisikia swichi inatoa sauti kama mafuta kwenye kikaango, au ukizima taa usiku unaona mwanga wa buluu kwenye ufa wa kibati, tofautisha mambo mawili. Cheche moja ndogo wakati wa kubonyeza ni kawaida, ndiyo ile niliyoeleza. Sauti inayoendelea baada ya kubonyeza si kawaida. Ama vidoti vimeliwa havishikani vizuri, ama skrubu inayobana waya imelegea. Acha kuitumia siku hiyohiyo.

Kupepesa kwa taa moja ni jambo la taa hiyo. Kupepesa kwa nyumba nzima ni jambo jingine kabisa. Ukiona baadhi ya taa zimefifia na nyingine zinawaka kuliko kawaida, au friji inanguruma ovyo, huenda nyutro imekatika au imelegea mahali kabla ya nyumba yako. Usitafute swichi. Zima meni, chomoa televisheni na friji, piga simu TANESCO. Nyutro ikikatika vibaya, volti inaweza kupanda kupita kiasi vifaa vinavyoweza kustahimili, na kila dakika ya kusubiri ni hasara.

Swichi ina joto, au kuna harufu

Hapa ndipo Nyanda za Juu Kusini tunapoumia zaidi, na sababu ni baridi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane huku Mbeya, Makete na Njombe hakuna anayeoga maji ya bomba bila kulia, kwa hiyo kila anayejenga anafunga shawa ya umeme. Shawa hizo hufika watt 5,500. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu amperi 24. Balbu yako ya LED ya watt 9 inavuta amperi 0.04. Tofauti ni mara mia sita.

Nilifungua swichi ya shawa kwenye nyumba moja ya kupanga kule Forest. Wapangaji walikuwa wanalalamika harufu ya samaki kila asubuhi. Plastiki ya umeme ikianza kuungua inanukia hivyo, kama samaki aliyekaa, na watu wengi hufikiri kuna panya amekufa ukutani. Nikakuta swichi imeandikwa 20A imebeba amperi 24. Hiyo peke yake ni kosa. Lakini kilichoiunguza zaidi kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Fundi aliyefunga alikata ganda la waya fupi mno, skrubu ikabana ganda la plastiki badala ya shaba. Shaba ilikuwa inagusa kwa pembeni tu, kwenye nukta moja. Pale palipogusa pamekuwa peusi, ganda limekuwa kahawia na gumu kama koko la maharage, sentimita tano kwenda juu.

Hesabu yake ni hii. Maungio mabaya yenye ukinzani mdogo wa ohm 0.1 tu, yakipitiwa na amperi 24, yanatoa joto la watt 57. Ni sawa na kufungia ndani ya boksi la swichi balbu ya zamani kubwa kuliko ya watt 40, bila tundu la hewa. Maungio hayohayo yakipitiwa na balbu ya LED yasingetoa joto la kuhisika kwa kidole. Ndiyo maana swichi ya taa inaweza kufungwa vibaya ikaishi miaka kumi, na swichi ya shawa ikifungwa vibaya inaungua kabla ya msimu wa baridi kuisha.

Kwa hiyo: swichi ya taa ikiwa ya moto, ni skrubu iliyolegea au mtu ameunganisha kitu kikubwa nyuma yake. Swichi ya shawa au jiko ikiwa vuguvugu baada ya dakika kumi, hilo linaweza kuwa la kawaida. Ikiwa huwezi kuweka kiganja ukahesabu mpaka tano, zima na usiwashe. Shawa ya watt 5,500 inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye breka, waya usiopungua milimita 4 za mraba, na swichi kubwa ya kukata nyaya zote mbili, ile ya amperi 45 inayofungwa kwa majiko. Ikae nje ya bafu, au iwe ya kuvuta kwa kamba. Swichi ya kubonyeza kwa mkono wenye maji haifai.

Taa imezimwa lakini bado inamulika

Turudi kwa mama wa Uyole. Balbu za zamani za uzi zilihitaji umeme mwingi ili ziwake, kwa hiyo umeme kiduchu ukivuja hazikuusikia. LED ni tofauti. Ndani yake kuna kapasita inayokusanya hata umeme mdogo kabisa, kama ndoo chini ya bomba linalodondoka, na ikishajaa inaumwaga kwenye taa. Ndipo unaona ama mwanga hafifu, ama taa inayokonyeza kila baada ya sekunde chache.

Umeme huo mdogo unatoka wapi? Kuna sababu tatu, na uzito wake haufanani.

Ya kwanza haina madhara. Swichi ina kitaa chekundu cha kuonyesha mahali ilipo gizani, na kitaa hicho kinapitisha umeme kidogo kwenda kwenye balbu hata ikiwa imezimwa. Ibadilishe uweke isiyo na kitaa, au vumilia.

Ya pili nayo haitishi. Waya wa moto na waya unaokwenda kwenye taa vimelala pamoja ndani ya paipu moja, mita nyingi, na mmoja unamwambukiza mwenzake umeme kidogo bila kugusana. Nyumba ndefu za vyumba vingi zinapata sana hili. Jaribu balbu ya kampuni nyingine kwanza, kwa sababu LED nyingine zimetengenezwa kupuuza umeme huo. Ikishindikana, fundi anaweza kufunga kapasita ndogo iliyotengenezwa kwa volti za nyumbani sambamba na taa, nao mwanga unakufa.

Ya tatu ndiyo niliyoikuta kwa jirani. Swichi ilikuwa imefungwa kwenye nyutro. Taa imezimwa, swichi imezimwa, nikagusisha testa kwenye holda, kitaa kikawaka wazi. Moto ulikuwa unafika kwenye holda usiku na mchana, na ukavuja kidogo kupitia waya mrefu ule na ukuta wenye unyevu, ndipo LED ikawa inamulika. Nikamwuliza nani huwa anabadilisha balbu za chumba hicho. Akasema ni yeye mwenyewe, akiwa amesimama juu ya kitanda cha chuma cha wanawe.

Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikazima meni, nikafuatilia laini mpaka kwenye boksi la maungio darini, nikakuta moto na nyutro vimebadilishana. Nikavirudisha mahali pake. Kazi haikufika saa moja. Taa ikalala. "Ndaga fijo, fundi," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kesho yake tukapitia swichi zote za nyumba ile, moja moja. Zilikuwa mbili zaidi.

Kama taa yako inamulika ikiwa imezimwa, usianze kufikiri ni jambo dogo la balbu za Kichina. Mwambie fundi apime kwanza kama swichi imekaa kwenye moto. Akishahakikisha hilo, mengine yote yanasubirika.

Ukigusa swichi, inakupiga

Hili halina mjadala wala kujaribu tena. Zima meni.

Sababu kubwa huku kwetu ni maji. Nilipokwenda kwa shangazi yangu Tukuyu mwezi wa tatu, mvua ikiwa haijakatika kwa siku nne, akanipokea mlangoni na habari hiyohiyo. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu. Usiguse swichi ya jikoni, ina hasira." Alikuwa anawasha taa kwa mpini wa mwiko. Swichi ilikuwa ya chuma, ya zamani, na skrubu zake mbili zilikuwa na kutu ya kijani.

Nilipofungua, boksi lilikuwa na maji robo. Hayakupita ukutani. Bati moja lilikuwa limelegea juu ya kenchi, maji yakadondokea kwenye paipu ya umeme, paipu ikayashusha moja kwa moja mpaka kwenye swichi, kwa sababu kazi ya paipu ni kushusha. Unapoona swichi ina unyevu, angalia juu kabla ya kuangalia ukuta. Lakini hata bila bati kuvuja maji yanaweza kufika: mvuke wa jikoni au bafuni unapanda ndani ya paipu, unafika darini penye baridi, unageuka matone na kurudi chini. Kwa nyumba za baridi kama za Makete na Tukuyu hili ni la kweli kabisa, na dawa yake ni kuziba mdomo wa paipu pale darini kwa silikoni, nyaya zikiwa ndani.

Ukuta wa matofali ya kuchoma nao hunywa maji usipopigwa plasta vizuri. Hapo ukuta wenyewe unaweza kukupiga kidogo, hata sentimita kadhaa pembeni ya swichi.

Sababu nyingine ni skrubu ndefu. Mtu amepoteza skrubu ya kifuniko, ameweka nyingine aliyoiokota, ndefu kuliko ya asili, nayo imetoboa ganda la waya nyuma. Ukigusa kichwa cha skrubu unagusa moto. Boksi la chuma likiwa limeunganishwa na ethi, breka ingeanguka mara moja na ungejua. Bila ethi, skrubu inakungoja wewe.

Nyumba ya shangazi haikuwa na ethi wala breka ya kuvuja umeme, ile yenye kitufe kidogo cha kujaribia, iliyoandikwa 30 mA. Breka ya kawaida haioni umeme unaopita mwilini mwa mtu, ni mdogo mno kwake. Ile ya 30 mA inauona na kukata kabla moyo haujavurugika. Kama una fedha ya jambo moja tu kwenye umeme wa nyumba yako mwaka huu, funga hiyo, pamoja na ethi nzuri. Kisha bonyeza kile kitufe chake kila baada ya miezi michache uone kama inaanguka. Isipoanguka, ibadilishe.

Ukiwasha, breka inaanguka

Hii fupi. Breka ikianguka papo hapo unapowasha, moto na nyutro vinagusana baada ya swichi, si ndani yake: kwenye holda iliyoungua, kwenye waya uliotafunwa na panya darini, au kwenye balbu yenyewe. Toa balbu, washa tena. Ikitulia, ilikuwa balbu. Isipotulia, acha, na usiirudishe breka mara tano ukitumaini itachoka.

Ikianguka wakati mwingine tu, hasa mvua ikinyesha, soma tena sehemu iliyotangulia.

Swichi mbili, taa moja

Kwenye ngazi, kwenye korido, au mlangoni na kitandani. Swichi hizi zina skrubu tatu: COM, L1 na L2. Nyaya mbili zinaunganisha L1 na L2 za swichi zote mbili, moto unaingia COM ya kwanza na kutoka COM ya pili kwenda kwenye taa. Swichi zote zikielekea njia moja, taa inawaka. Mojawapo ikibadili njia, inazima.

Dalili maarufu: "Ya chini haifanyi kazi mpaka ya juu iwe imebonyezwa." Hapo karibu kila mara mtu amebadilisha swichi moja na kuweka waya wa COM kwenye L1. Ukizikuta nyaya zimetolewa na hujui ipi ni ipi, hata rangi hazitakusaidia. Ndiyo maana unapiga picha kwa simu kabla ya kulegeza skrubu hata moja. Na angalia maandishi, kwa sababu COM inaweza kuwa juu kwenye swichi ya kampuni moja na chini kwenye ya nyingine.

Kuna ufungaji mmoja nimeukuta mara chache katika nyumba za zamani ambapo, ili kuokoa waya, moto na nyutro vyote vimepelekwa kwenye kila swichi. Taa inaitika vizuri pande zote mbili. Lakini katika mpangilio mmoja wa swichi, taa ikiwa imezimwa, pande zote mbili za holda zina moto. Ukifungua swichi ya ngazi ukakuta nyutro imebanwa kwenye L1 au L2, funga kifuniko, mwite fundi, na mfanye mpango wa kupitisha waya upya.

Ukishajua kwamba ni swichi kweli

Nunua inayolingana na boksi lako. Boksi nyingi zetu zina kina kidogo, na swichi nene ikilazimishwa inaponda nyaya nyuma. Angalia namba: 10A inatosha taa za nyumbani, na ile yenye 10AX imejengwa kuvumilia tyubu laiti na mizigo inayoruka wakati wa kuwaka. Bonyeza dukani mara kadhaa usikie mlio. Kwenye mkono mmoja shika ya bei ndogo, kwenye mwingine ya bei kubwa kidogo. Uzito mara nyingi unaeleza, kwa sababu shaba ina uzito na bati jembamba halina.

Unapofunga, menya waya milimita 8 hivi, shaba yote iingie, ganda lisiingie chini ya skrubu. Kaza, kisha vuta kila waya kwa vidole. Ukitoka, ulikuwa utaungua baadaye. Kunja nyaya ndani ya boksi kwa mkono, usizisukume kwa kifuniko. Rudisha skrubu zilezile zilizotoka, halafu ndipo mtu aliyesimama kwenye meni awashe.

Shangazi sasa ana swichi ya plastiki jikoni, bati limegongewa, na paipu imezibwa mdomo darini. Ukuta ulichukua karibu wiki tatu kukauka, na kwa wiki hizo nilimwachia laini ile ikiwa imekatwa kwenye breka, akapikia kwa taa ya sebuleni mlango ukiwa wazi.